Maksai wa Ukutani

Jumapili, 1 Agosti 1982

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Baada ya misa Mwenyekiti Tluway ametuzuia nje ya kanisa. Amesema Jumatatu ya tarehe tisa anakuja mgeni kutoka mkoani kukagua ghala la kijiji, na kwamba kabla ya hapo kamati itamteua mpaka rangi wa kijiji. Cheo kamili! Mpaka rangi wa kijiji halimi shamba la kijiji siku za Jumamosi. Anakaa kivulini, anasubiri kitu cha kupaka. Kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu.

Zaidi ya hapo: Mwenyekiti alishatamka mbele ya watu kwamba binti yake Hyasinta hataolewa na mtu asiye na kazi. Alitamka huku ananitazama mimi. Sijui kwa nini. Tulikuwa wengi.

Kikwazo ni Thomasi. Thomasi ana kopo la rangi, la pekee kuanzia hapa Rhotia mpaka Karatu, na brashi ambayo bado ina nywele. Mwaka jana alichora mwenge wa uhuru kwenye mlango wa ofisi. Wageni wakiuona huingia kuuliza kama mahindi yanauzwa hapo.

Mimi sina kopo. Madukani hakuna rangi, kama ambavyo hakuna sabuni. Nina mkaa, udongo mwekundu, na akili.

Mpango ni huu. Ghala lilipakwa chokaa mwezi wa tano, bado ni jeupe. Ukuta mweupe hauhitaji mpaka rangi. Ukichafuka, unamhitaji. Kwa hiyo lazima uchafuke. Kisha ajitokeze kijana mmoja, mtulivu, anayejua namna ya kuusafisha.

Dada Lusia, ambaye nakaa kwake, ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nimesema nakumbuka mahubiri.

Jumatatu, 2 Agosti

Imefanyika. Si kama nilivyopanga, lakini imefanyika.

Niliamka kabla ya wanawake wanaokwenda mashineni. Jana nilishaponda betri mbili za tochi zilizokufa, nikachanganya na majani ya maboga, kama tulivyokuwa tunapaka ubao wa shule. Weusi mzuri sana. Nia ilikuwa kuchafua tu: mistari, madoa, labda tusi moja dogo. Nikaweka mstari wa kwanza. Ukatoka mgongo. Na mgongo wenyewe! Nani angeuacha mgongo ule bila miguu?

Basi nikachora maksai. Si maksai wa kubuni. Nilimwona wiki iliyopita nilipokuwa nakagua ua wa Mwenyekiti. (Nilikuwa namtafuta Hyasinta. Kukagua ni neno zuri zaidi.) Yumo bandani nyuma ya nyumba, gizani, analishwa majani kwa mkono kama mgonjwa. Mkubwa, wa kijivu, pembe moja imeinama kama inasikiliza. Pajani ana chapa ya moto, upinde na nukta chini yake. Sikio limekatwa pembeni. Vyote nimeviweka. Mimi kazi ya nusu siiwezi.

Saa mbili kijiji kizima kilikuwa ghalani. Huku kwetu mtu anaweza kumpita jirani yake asimwone, lakini hampiti ng'ombe. Walimzunguka kama wanataka kumnunua. Mmoja akauliza ana umri gani. Mwingine akajibu, bila wasiwasi, sita.

Akaja Mwenyekiti. Alimwona, akasimama. Akageuka kijivu kama maksai mwenyewe. Akasema uharibifu. Akarudia: uharibifu! Mali ya umma! Hujuma! Akataka mchoro ufutwe kabla ya chakula cha mchana. Halafu akasema hapana, kabla ya chai. Sijawahi kumwona mtu anayependa ukuta kiasi hicho.

Nikakohoa. Nikasema mimi nafahamu kidogo mambo ya kufuta weusi kama huu. Mwenyekiti akanishika mkono. Mkono wangu! Baba yake Hyasinta!

Na hapo hapo likasimama gari la watalii. Tangu mpaka na Kenya ufungwe, magari hayo yamekuwa ya nadra kama sukari, lakini la leo ilibidi lije leo. Akashuka mama wa kizungu, akalala chini kabisa kwenye vumbi, akampiga picha maksai. Dereva akatutafsiria kwamba mama anasema hii ni sanaa, na anauliza msanii yuko wapi.

Msanii alikuwa ameshika ndoo ya kufutia.

Katibu wa kijiji akasema kitu kilichopigwa picha na mgeni hakifutwi bila kikao. Kikao kesho. Mwenyekiti akaniachia mkono.

Jumanne, 3 Agosti

Kikao cha kamati. Mimi si mjumbe, lakini dirisha la ofisi halina kioo na chini yake kuna jiwe la kukalia.

Katibu alianza. Akasema mchoro usioombwa ni uharibifu hata ukiwa mzuri. Akatoa mfano: ukininyoa nimelala, hata nikipendeza, umenikosea.

Bibi Germana, mjumbe wa upande wa akina mama, akasema yeye kila mwaka anachora ukuta wake kwa udongo mweupe, ndege na nyota, na hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Katibu akasema ule ni ukuta wako. Germana akauliza na ghala ni la nani. Akaambiwa la wanakijiji. Akauliza: sasa mimi ni nani, mbuzi?

Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba mwenge wa Thomasi ulikuwa na kibali. Germana akasema kumbe kibali ndicho kinachogeuza hindi kuwa mwenge. Nusura nipige makofi chini ya dirisha.

Mwenyekiti hakutoa hoja. Alisema tu futeni, futeni, futeni, mpaka Katibu akamwomba apumzike.

Maazimio: aliyechora ajitokeze. Ikiwa mchoro ni sanaa, yeye ndiye atakuwa mpaka rangi wa kijiji. Ikiwa ni uharibifu, ataadhibiwa. Mtu akauliza itajulikanaje kama ni sanaa au uharibifu. Wakamjibu kwamba wataamua akishajitokeza.

Mimi si mtoto. Nitasubiri kwanza waamue.

Jumatano, 4 Agosti

Thomasi amejitokeza!

Amesema ni kazi yake! Amesimama mbele ya ghala na ile brashi yake, eti aliamka na njozi. Watu wamempa mkono. Hyasinta amempelekea kibuyu cha maziwa. Cha maziwa mgando, na kilikuwa kimejaa. Nimeona kwa macho yangu jinsi alivyokibeba.

Mwenyekiti akamvuta Thomasi pembeni, karibu na mti nilioegemea. Akamuuliza kwa sauti ya chini: ng'ombe huyu ulimwona wapi? Thomasi akasema hakumwona popote, amemtoa kichwani. Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu. Akasema kichwani ni mahali pazuri sana. Akamuuliza tena, kichwani tu? Kichwani tu, mzee. Mwenyekiti akageukia watu akatangaza kwamba ametafakari kwa kina, na ameona kwamba hii ni sanaa.

Sanaa! Juzi ilikuwa hujuma. Thomasi atathibitishwa Jumapili.

Nimerudi nyumbani nimevimba. Nyuma ya jiko nimekuta beberu mwekundu amefungwa, na Bibi Germana anaondoka kupitia upande wa pili wa uzio bila kuniaga. Nimemuuliza Lusia beberu huyu wa nani. Amesema beberu gani? Nimemwonyesha. Amesema haoni beberu.

Macho ya dada yangu yameanza kuharibika mapema.

Alhamisi, 5 Agosti

Sikulala. Nimemweleza Lusia kila kitu: betri, majani ya maboga, alfajiri. Hakushangaa. Amesema alijua tangu Jumatatu, maana nilikunywa uji kwa mikono myeusi.

Akaniambia ninyamaze. Akasema: wewe ulitaka kazi ya kufuta, sasa unataka sifa ya kuchora, siku moja utataka na posho ya kumwangalia. Chagua kimoja, Inosenti. Akasema pia kwamba kuna vitu mtu akiviona nyuma ya nyumba ya mwenzake, anavila kimya kimya na ugali wake. Sikuelewa ugali unaingiaje hapo. Lusia hana jicho la sanaa. Hana hata jicho la beberu.

Mpango mpya. Jumamosi ni mnada. Watashuka watu wa Karatu, watashuka Wamaasai wa juu Ngorongoro na mifugo yao. Mbele ya umma wote huo nitamwita Thomasi tuchore, yeye na mimi, maksai yule yule. Basi! Hindi litajulikana na ng'ombe atajulikana.

Ijumaa, 6 Agosti

Maandalizi. Nimepata betri tatu kwa fundi redio. Zilikuwa bado na uhai kidogo, nimeziua mwenyewe.

Mwenyekiti ameagiza maksai wa ukutani afunikwe magunia mpaka mnada upite, ili jua lisimharibu. Jua lenyewe hatujaliona tangu Jumatatu. Hata hivyo nimeguswa. Mtu aliyekuwa anapiga kelele futeni, leo anafunika kazi yangu kama mtoto!

Jioni nikapita ua wa Mwenyekiti kuhakiki ile pembe inainama upande gani. Maksai hayupo. Mahali pake pana majani tu, na uchafu wa leo leo. Hyasinta akanikuta nimeinama kwenye uzio. Nikasema habari za jioni. Akasema: Inosenti, najua ni wewe. Nakuomba usimchore tena yule. Baba hali vizuri.

Anajua ni mimi! Kwa hiyo alipompelekea Thomasi maziwa moyo wake haukuwemo. Na baba yake hali vizuri kwa sababu dhamiri inamsuta kuhusu Thomasi. Maskini mzee. Kesho nitampumzisha.

Jumamosi, 7 Agosti

Naandika polepole. Kidole kimoja kimekanyagwa.

Umati ulikuwa mkubwa. Nilipanda juu ya kreti la bia nikamwita Thomasi kwa jina. Nikasema aliyechora maksai ni mimi, na asiyeamini asubiri. Mwenyekiti akaja mbio akasema mnada ni wa ng'ombe, si wa michoro. Watu wakamzomea. Wakasema waacheni wachore! Thomasi akawa hana pa kukimbilia.

Akachora upande wa kulia wa ghala, mimi wa kushoto. Yeye alianza na tumbo, na hakutoka tena kwenye tumbo. Mtu akapiga kelele: leo hindi limeota pembe! Kicheko kikaenda mpaka kwenye nyama choma. Mwingine akamshauri Thomasi amwekee na maganda asisikie baridi.

Mimi nilikuwa na mkono wa ajabu leo. Mgongo kwa pumzi moja. Pembe. Sikio na mkato wake. Nikamalizia na chapa pajani, upinde na nukta. Nikarudi nyuma hatua chache.

Watu walikuwa kimya. Nikadhani ni heshima.

Akatoka mzee mmoja wa Kimaasai kutoka juu, Sakaya, mtu mrefu, wanamfahamu wote mnadani. Akasogea ukutani akaigusa chapa kwa kidole. Akaniuliza huyu nimemwona wapi.

Hapo nilimtazama Thomasi. Nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka zizini, kwamba mimi si mtu wa kuchora vya kichwani. Mimi nachora kitu kilichopo! Nimemwona kwa macho yangu mawili, nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti Tluway, analishwa kwa mkono.

Kimya cha pili. Hiki hata mimi sikukidhania heshima.

Sakaya akasema chapa ile ni ya ukoo wa shemeji yake. Akauliza tangu lini Mwenyekiti wa kijiji anaiba ng'ombe wa watu. Fimbo zikaanza kuinuka, huku na huku. Mwenyekiti akaapa kwa mama yake kwamba hajawahi kuiba hata kuku. Akasema huyu ametunziwa tu! Amepewa na mwenyewe amfiche! Na mwenyewe yule pale, anakunywa chai!

Wote tukageuka. Kwenye chai alikuwa Ngoitiko, ambaye amemwoa dada yake Sakaya. Alijaribu kuendelea kunywa.

Ndipo nikaelewa, kidogo kidogo, pamoja na mnada mzima. Maksai yule Ngoitiko aliwaahidi wakwe zake katika mahari. Ilipofika wakati wa kumtoa akawaambia amekufa kwa ukame. Tena, alisema Sakaya, alisimulia kifo chake mpaka akina mama wakalia, jinsi alivyopiga magoti, jinsi alivyomtazama usoni. Sakaya akamuuliza: shemeji, mimi si nilikupa pole? Ngoitiko akaukazia macho ukuta, akasema huyu huenda ni pacha wake marehemu. Sakaya akauliza: na chapa walizaliwa nayo?

Watu wengine wangecheka. Hakuna aliyecheka. Nikaanza kuona nyuso. Kila mzee alikuwa anamtafuta mzee mwenzake kwa pembe ya jicho. Maana huku, nani analaza ng'ombe wake wote kwake? Wawili wako kwa rafiki, mmoja kwa mjomba, na mwenyewe anakuambia hana kitu, ukame umemmaliza. Na mimi pia najua yupi wa nani yuko kwa nani. Kila mtu anajua. Ila hakuna aliyewahi kumweka ukutani.

Sauti ya kwanza kupiga kelele uharibifu haikuwa ya Mwenyekiti. Ilikuwa ya Bibi Germana. Alipiga kelele huku anamtazama Lusia. Baada yake ikawa mnada mzima: uharibifu! Wanaume waliokuwa wananishangilia. Hata yule aliyejua maksai ana miaka sita. Hapo ndipo kidole kilipokanyagwa.

Jumapili, 8 Agosti

Kamati imekaa baada ya misa. Ilichukua muda mfupi kuliko kukunja kiti. Maksai wangu wote wawili wa ukutani ni uharibifu wa mali ya umma, hujuma kwa wafugaji na utovu wa adabu. Katibu aliuliza kama hoja ya Bibi Germana ya Jumanne, kuhusu ndege na nyota, iendelee kubaki kwenye kumbukumbu. Bibi Germana akasema hoja gani?

Hukumu yangu: nipake ghala lote chokaa upya, leo, bila malipo, kabla ya mgeni kufika. Nitasimamiwa na mpaka rangi wa kijiji.

Mpaka rangi wa kijiji ni Thomasi. Ndiyo! Pamoja na uongo wake! Nilisimama kupinga. Mwenyekiti akasema kamati imemteua kwa sababu moja tu, kwamba michoro yake haifanani na mali ya mtu yeyote.

Wajumbe wote walitikisa kichwa kukubali. Nimeona wengine wametulia usoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

Nimepaka mpaka jioni. Thomasi alikaa kivulini kwenye kreti langu la bia akinionyesha nilipopasahau. Maksai wa kweli alipita barabarani akiongozwa na Sakaya kuelekea juu. Alikuwa ametoka kwenye shamba la mahindi alikofichwa tangu Ijumaa, na pembe, ndiyo, inainama upande wa kushoto kama nilivyoichora. Ngoitiko alikuwa nyuma yake. Alinitazama. Sina maneno ya jinsi alivyonitazama.

Hyasinta alipita na ndoo ya maji. Nikamsalimia. Akasema baba amekula leo, lakini amesema ukionekana tena kwenye uzio wetu, mbwa ataachiwa. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema yeye ndiye anayemlisha mbwa.

Hakusema kama anamlisha vizuri au vibaya. Nimeliacha wazi.

Jumatatu, 9 Agosti

Tumesimama kando ya barabara tangu saa mbili, watoto wa shule na nyimbo, Mwenyekiti na koti. Saa saba Landrova ya mgeni ikaja. Haikupunguza mwendo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alikuwa anakwenda Ngorongoro kuliona bonde la wanyama. Tumebaki na vumbi.

Watu wakatawanyika. Mimi nikabaki na ghala.

Jamani, ukuta ule! Nimepaka ukuta huu kwa mkono wangu, chokaa mara mbili, laini kama karatasi ya barua. Sijawahi kuona weupe kama ule. Ni dhambi kuuacha wazi.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na kosa langu nimeliona. Kosa halikuwa kuchora. Hata kamati haikusema nimechora vibaya. Kosa lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe ana wakwe, ana mashemeji, ana mambo mengi. Mbuzi ana nini? Nani duniani anaficha mbuzi? Kosa la pili lilikuwa kwenda kuchungulia kwa watu, wakati mfano upo nyumbani kwetu, ambako hatuna siri na mtu.

Nimemaliza jioni nzima nyuma ya jiko namtazama yule beberu mwekundu. Mnyama mzuri! Lusia amenikuta hapo, ameniuliza natazama nini. Nimekumbuka macho yake, nikamhurumia, nikasema sitazami kitu.

Leo mchana watoto wa Bibi Germana walipita hapa, wanaume wazima wanne, wakiuliza kama kuna aliyeona beberu wa mama yao. Anasema amepotea, na wao walishapanga kumchinja Jumapili. Lusia aliwaambia hajaona. Mimi nilikuwa nasaga betri, sikuwasikiliza sana.

Alfajiri nitaanza na sikio la kushoto. Lina mikato miwili, mrefu na mfupi, na kidoa cheupe chini yake. Lazima litoke vizuri, ili mtu akipita, hata akiwa mbali, aseme: huyu namjua.